Ugonjwa usimnyime mwanafunzi basari

Mhariri,

Mwanafunzi anayesoma kwa basari akiugua, kinachomponza ni rejista ya mahudhurio, ambayo humfikia mfadhili wake. Nyingi zina alama mbili tu: yupo au hayupo. Aliyelazwa hospitalini Kenyatta na aliyeamua kulala bwenini wanaandikwa sawa. Huo ni uonevu.

Hesabu yenyewe ni kali. Somo la saa 3 kwa wiki, kwa wiki 14, ni saa 42. Chuo kikidai mahudhurio ya asilimia 75, anaweza kukosa saa 10 na nusu pekee. Wiki ya nne ya ugonjwa inamshusha chini ya kiwango hicho.

Kwa hivyo aarifu idara kwa baruapepe siku ileile anayougua. Akirudi, apeleke cheti cha daktari chenye mhuri, tarehe aliyotibiwa, siku za mapumziko na nambari ya usajili wa daktari. Risiti ya duka la dawa haitoshi, na cheti kilichoandikwa wiki mbili baadaye hutiliwa shaka. Nakala moja iende idarani, nyingine afisi ya basari (mara nyingi hawa wawili hawaongei), na ya tatu abaki nayo ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa. Ugonjwa wenyewe usitangazwe darasani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti.

Vyuo navyo viongeze alama ya tatu, "M" ya mgonjwa, na saa hizo ziondolewe kabla orodha haijamfikia mfadhili. Anayeugua muda mrefu aombe kwa maandishi kuahirisha muhula kabla ya mitihani, na HELB (Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu) iarifiwe.

Washauri wa wanafunzi,
Nairobi