Mume wangu amesikia, mimi bado

Mama mshauri, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbeya, na nakuandikia kwa sababu kuna karatasi inayosubiri sahihi yangu. Ni ya kuuza shamba letu la kahawa kule Mbozi, ekari 3, tulilonunua mimi na mume wangu kwa kuchangishana, yeye fedha za mshahara, mimi za ushonaji. Mibuni tuliipanda kwa mikono yetu. Mbuni hauna haraka, unaulea kama miaka mitatu ndipo ukupe cha maana. Sasa ndiyo imeanza kuzaa vizuri, na sasa ndiyo Mungu, kwa maneno ya mume wangu, amesema liuzwe.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari ya serikali. Hanywi, hachezi kamari, hana nyumba ndogo. Nalisema hilo mapema kwa kuwa najua barua za namna hii husomwaje.

Mwaka huu alipanda mlima wa maombi na wenzake, wakafunga juma zima, akarudi amekonda lakini uso unang'aa. Akaniambia, "Mama, Bwana amesema nami. Ameniambia toka." Toka, kama alivyoambiwa Ibrahimu katika Mwanzo 12. Aache kazi, tuuze shamba, fedha zianzishe huduma Tunduma: kiwanja cha kukodi, turubai, vyombo vya muziki. Ana miaka 43. Kustaafu kwa hiari serikalini ni miaka 55, kwa hiyo akiondoka leo anaondoka kama mtu aliyeacha kazi, si mstaafu. Nilipomtajia hilo akasema naongea kimwili.

Nilimuuliza alisikiaje. Sikuuliza kwa kejeli, nilitaka kujua kweli. Akasema haikuwa sauti ya masikioni, bali neno lililomshukia ndani na kurudi kila alipoinama kuomba, mpaka akalia. Ninamwamini kwamba alilia. Alipomweleza mtumishi aliyeongoza mfungo, mtumishi akajibu kwamba na yeye ameoneshwa vivyo hivyo. Hapo ndipo moyo wangu uliposita, maana alioneshwa baada ya kuambiwa. Hata kwenye vikao vya ukoo wetu, wa kwanza anapoeleza shahidi wa pili huwekwa nje. Tena mtumishi huyo ndiye atakayekuwa mwenzake katika huduma. Sisemi ni tapeli, sina ushahidi wala sitaki dhambi ya kumsingizia mtu.

Nimelelewa katika Kanisa la Moraviani, Rungwe, ambako wamisionari walifika mwaka 1891, na baba yangu ni mzee wa kanisa. Nilipompelekea habari hii alicheka kidogo, akasema Wamoraviani wa kale kule Herrnhut, Ujerumani, walikuwa wakipiga kura, ile ya kuokota karatasi bila kuchagua, ili kuyajua mapenzi ya Mungu, mpaka nani aoe nani. Kura ikishasema ndiyo, bado mwanamke aliulizwa, na aliweza kukataa. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakaanza kuiacha kura hiyo ya ndoa. Mimi kilichonikaa ni kwamba watu wale, pamoja na kuamini kuwa Bwana ameshaamua, walirudi wakamuuliza binti.

Mimi sijaulizwa. Nimeambiwa.

Mume wangu ana hoja yake, tena nzito. Anasema Ibrahimu hakumuuliza Sara alipompeleka Isaka mlimani. Ni kweli, sura ya 22 haimtaji Sara kabisa. Lakini sura inayotangulia Mungu anamwambia Ibrahimu huyo huyo asikilize sauti ya Sara katika lile alilomwambia. Nilipomsomea akanyamaza, kisha akasema nimeanza kubishana na Neno.

Jumatano moja mtumishi akafundisha habari za Anania na Safira, mume na mke waliouza mali yao wakaficha sehemu ya fedha wakafa, na akina mama wawili watatu wakageuka kunitazama. Nilifika nyumbani nikafungua Matendo 5 nikaisoma polepole. Mama, Safira hakufa kwa kumkatalia mumewe. Alikufa kwa kukubaliana naye! Na Petro anasema wazi kwamba kabla ya kuuzwa mali ile ilikuwa yao, na hata baada ya kuuzwa fedha zilikuwa mikononi mwao kuziamulia. Kosa lilikuwa uongo.

Ninayemkimbilia mimi ni Manoa, baba yake Samsoni. Katika Waamuzi 13 malaika alimtokea mkewe, si yeye. Manoa hakumwita mkewe mwongo. Alimwomba Bwana yule mtu wa Mungu aje tena, awafundishe wote wawili la kufanya. Na Mungu hakukasirika, malaika akarudi kweli. Ila alirudi kwa yule yule mwanamke, akiwa peke yake shambani, ikabidi akimbie kumwita mumewe. Sehemu hiyo hunichekesha kila nikiisoma.

Basi nimeomba kama Manoa. Naomba alfajiri watoto wakiwa wamelala, na sijapata ndiyo wala hapana. Pengine ni kwa kuwa mimi si mtu wa kusikia kwa namna ile ya mlimani. Mungu akisema nami huwa ni kwa mstari ambao nimeusoma tangu Kipaimara, siku moja unanisimamia mbele. Au ni amani inayokuja taratibu, jambo likishazungumzwa na watu wazima. Wenzake wa mlimani wanauita huo uvuguvugu.

Nilimpa wazo la katikati: aendelee kufundisha, huduma aifanye wikendi na wakati wa likizo, shamba libaki. Paulo naye alishona mahema. Akanijibu kwamba huo ni utii nusu, ule wa mfalme Sauli, aliyeagizwa kuangamiza vyote vya Waamaleki akabakiza kondoo wanono. Hapo niliishiwa maneno, kwa sababu sijui kama si kweli.

Naomba unisaidie. Mungu akisema na mmoja juu ya kitu cha wawili, je, yule wa pili ana haki ya kungoja mpaka na yeye asikie? Au kimya ninachokipata ndilo jibu, na mimi ndiye nisiyetaka kulipokea? 1 Wathesalonike 5 inatuambia tusimzimishe Roho, tusitweze unabii, na papo hapo inatuambia tujaribu mambo yote. Kujaribu najitahidi. Ninachoogopa ni kuzima.

Mambo ya sheria usihangaike nayo, mwenyekiti wa kijiji ameshasema bila sahihi yangu hapitishi mauzo. Ndiyo maana mzigo wote uko kwangu. Mume wangu hanigombezi wala hanitishi. Anasema tu kwamba ameniacha mikononi mwa Mungu anishughulikie, na neno hilo linaniuma kuliko ambavyo angenifokea.

Mnunuzi anakuja na fedha mwisho wa mwezi. Ukiweza kunijibu kabla ya hapo nitashukuru, hata kwa mistari michache.

Mama wa watatu, Mbeya