Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Habari, Televisheni na Utamaduni kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Profesa wetu,
Mkuu wa Idara,
Walimu wetu,
Wanaklabu wenzetu na wageni waalikwa,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Tunajua tangu ustaafu unaalikwa kila upande. Tunajua pia kwamba hotuba ndefu hazikupendezi, maana kwenye hafla za idara ulikuwa ukisinzia waziwazi na sisi tuliokaa nyuma tuliona. Kwa hiyo risala hii haitasoma orodha ya vyeo vyako. Imeandikwa na kamati ya watu wanne. Tulibishana siku tatu nini kiingie na nini kiachwe, mwisho tukakubaliana kwamba tulichonacho cha kukuambia kinahusu madaftari yako. Tutafika huko.

Kuhusu klabu yenyewe hatuna mengi. Ilianza na wanafunzi saba waliokuwa wakibaki darasani baada ya kipindi chako kwa sababu ubishi ulikuwa haujaisha. Leo tumepita sitini. Kila Alhamisi jioni tunakutana, tunatazama kitu, kisha tunabishana hadi mlinzi aje kuzima taa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Wengi wetu tulipochagua masomo haya, tulipokelewa nyumbani kwa swali lilelile: yaani mtu anakwenda chuo kikuu kusomea kuangalia TV? Wewe swali hilo ulikutana nalo mbele ya kamati ya kupandisha vyeo. Ulitusimulia mara moja tu, tena kwa kupita. Mjumbe mmoja aliinua makala yako kuhusu tamthilia ya jioni kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi mbichi, akauliza kama huna kazi nzito zaidi ya hiyo. Ukamjibu kwamba wanaoitazama tamthilia ile kwa usiku mmoja ni wengi kuliko watakaosoma makala za wajumbe wote wa kamati mpaka wazikwe. Mwaka ule hukupanda cheo. Wala mwaka uliofuata.

Dharau hiyo ina ukoo mrefu. Mei 1961 Newton Minow, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya serikali ya Marekani inayosimamia utangazaji, aliwasimamia wenye vituo vya televisheni usoni na kuwaambia kwamba walichokuwa wakirusha ni nyika kubwa tupu. Watengenezaji vipindi hawakumwacha hivihivi: mwaka 1964 kilipoanza kichekesho cha Gilligan's Island, ile mashua iliyotupwa na dhoruba kisiwani iliitwa Minnow kwa kumkejeli. Kisa hiki ulikuwa ukikisimulia kila mwaka, na kila mwaka ulicheka wewe kwanza.

Ni wewe pia uliyetueleza kwamba taaluma hii ilijengwa na watu ambao mlango wa chuo kikuu haukuwa umekatwa kwa kimo chao. Richard Hoggart, yatima aliyekulia kwenye nyumba za wafanyakazi za Leeds. Raymond Williams, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyekuwa akisimamia ishara za treni katika kijiji cha Wales. Stuart Hall, kijana wa Kingston, Jamaika, aliyefika Oxford mwaka 1951 kwa ufadhili wa masomo. Mwaka 1964 Hoggart akafungua kituo cha taaluma za utamaduni katika Chuo Kikuu cha Birmingham, kwa msaada wa fedha kutoka kampuni ya vitabu ya Penguin. Hall akajiunga naye, baadaye akakiongoza mpaka 1979. Kituo hicho kilikuja kuwa idara, na idara ikafungwa mwaka 2002. Ulikuwa ukiutaja mwaka huo kwa sauti ya mtu anayetaja msiba wa nyumbani kwao.

Lakini mhadhara tunaoukumbuka wote ni ule wa Miami. Williams amefika Miami, kichwa bado kinamzunguka kwa wiki nzima ya kusafiri baharini, anakaa kutazama filamu. Filamu inakatwa na matangazo, yanaingia mapande ya filamu nyingine zitakazoonyeshwa siku zijazo, na yeye aliyezoea televisheni ya Uingereza hajui tena nani amemuua nani, au hata kama anayemuona sasa ni wa hadithi hii au ya ile. Mtu mwingine angezima akalala. Yeye akajiuliza: vipi kama kinachouzwa hapa si kipindi, bali ule mfuatano wenyewe usiokatika? Kitabu chake cha 1974 kikaliita jambo hilo kwa neno ambalo wewe uliliweka katika Kiswahili chepesi, mtiririko. Ukamalizia: “Tofauti ya mtafiti na mtazamaji aliyechoka ni kwamba mtafiti hakuzima.”

Ya Hall hatutayarefusha, kila aliyemo humu ameyafanyia mtihani. Mwaka 1973 alieleza kwamba mtangazaji husimba maana, yaani huifunga ndani ya kipindi, na mtazamaji huisimbua, yaani huifungua, na kati ya hao wawili njia si moja. Kuna anayepokea kama alivyopewa, kuna anayekubali nusu na kukataa nusu, na kuna anayeupindua ujumbe wote chini juu. Mwaka wa kwanza tulilikariri hilo kama tebo. Wewe ukasema kukariri si kazi, nendeni mkaone. Ndivyo walivyofanya watafiti wenyewe. Mmoja wao, David Morley, aliwaonyesha watu wa makundi 29 kipindi cha habari na masuala ya kila siku, akakuta kwamba tabaka la mtu peke yake halikwambii atasoma nini ndani yake. Baadaye akaingia kwenye nyumba za familia 18 za London, na kitu kilichomvutia huko kikawa rimoti. Ilikuwa mkononi mwa baba. Baba akiondoka, huchukua mtoto wa kiume. Mama, kwa kawaida, ndiye aliyekuwa akitazama huku mikono ina kazi nyingine.

Na mtafiti Ien Ang, mzaliwa wa Surabaya, Indonesia, aliyesomea Uholanzi, aliweka tangazo dogo katika gazeti la wanawake: napenda kutazama Dallas, ile tamthilia ya Marekani, lakini watu wananishangaa, je, kuna wa kuniandikia kwa nini naye anaipenda au anaichukia? Zikaja barua 42. Barua 42 tu, na bado kitabu alichokiandika kutokana nazo kinasomwa. Ulikuwa ukitutajia hesabu hiyo kila tulipolalamika kwamba hatuna bajeti ya utafiti. Tulikuwa tukikereka, Profesa. Ulikuwa na haki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Sasa tuje kwenye madaftari.

Wapo humu wasiojua kwamba kabla ya kuwa mhadhiri ulifanya kazi kwenye kituo cha televisheni, na kwamba kazi yako ya kwanza pale ilikuwa kufuta. Ulikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kila Jumatatu uliletewa orodha na toroli la kanda, unaipitisha moja moja kwenye mashine ya sumaku, unabandua lebo ya zamani, unabandika mpya isiyo na maandishi. Kanda ilikuwa ghali, rafu chache, na hakuna aliyedhani kwamba kipindi cha juzi kina thamani keshokutwa. Ulituambia unachokumbuka zaidi ni gundi: lebo zilizogoma kutoka ulizikwangua kwa ukucha, na kucha zako zikanuka gundi wiki nzima.

Haikuwa kituo kile tu. Tangu mashine za kurekodi picha kwenye kanda zilipoingia studio mwaka 1956, uwezo wa kuhifadhi na uwezo wa kufuta vilikuja katika boksi moja. BBC ilifuta sehemu kubwa ya vipindi vyake vya miaka ya 1960 na 1970, ndiyo maana hadi leo wapenzi wa tamthilia yake ya Doctor Who wanasaka vipande vya miaka ile kwenye dari za nyumba na mikusanyo ya watu binafsi. Hata picha za mwezini hazikupona: mwaka 2009 NASA, shirika la anga la Marekani, ilikiri kwamba kanda za awali zilizobeba picha bora zaidi za binadamu kutua mwezini Julai 1969 yaelekea zilifutwa zikatumika tena. Zilizobaki ni nakala za matangazo ya televisheni.

Kwa hiyo ulipoingia chuoni na kusema unataka kuandika historia ya televisheni, ulikuwa unataka kuandika historia ya kitu ambacho wewe mwenyewe ulishiriki kukifuta. Hatusemi haya kukuumbua. Wewe ndiye uliyetuambia, kwenye mhadhara wako wa mwisho, huku umetazama dirishani.

Ndipo ulipoanza kukaa sebuleni mwa watu. Kwa ruhusa yao, kiti cha pembeni, daftari la mistari, kalamu mbili. Huandiki kilichomo kwenye kioo, unaandika kilichomo chumbani. Sisi zoezi hilo ulitupa mwaka wa pili: saa moja, nyumba moja, marufuku kuandika habari ya kipindi. Tulicheka. Mmoja wetu, ambaye yumo katika kamati hii, alirudi na kurasa tisa. Bibi yake, msomaji habari aliposema “Habari za jioni”, alijibu “Nzuri, baba”, akaweka vizuri kitambaa chake kabla ya kuendelea kusikiliza. Baba mtu alikuwa amelala fofofo, rimoti juu ya kifua, lakini mtoto alipoichomoa taratibu na kubadilisha chaneli alifumbua jicho moja: “Nilikuwa naangalia hiyo.” Mwenzetu ameishi katika nyumba ile miaka kumi na tisa na alikuwa hajawahi kusikia bibi yake akiitikia ile salamu. Aliisikia usiku ule kwa sababu alikuwa na kalamu.

Ulimpa alama sitini na mbili. Ukamwandikia pembeni: “Bibi aliketi upande gani wa chumba?” Hajakusamehe, lakini sasa anajua kuandika nani amekaa wapi.

Madaftari yako, kwa hesabu uliyotupa, yanapita mia moja na arobaini. Ndani yake mna usiku wa vipindi ambavyo kanda zake hazipo tena popote. Mtu akitaka kujua tamthilia fulani ilionekanaje, hataiona. Akitaka kujua ilipoonyeshwa nani alinyamaza, nani alitoka kwenda jikoni, nani alimwambia nani “unaona sasa?”, hayo yamo, kwa mwandiko wako mbaya.

Changamoto zetu unazijua, nyingine ulituachia wewe. Projekta yetu inaonyesha kila mtu kijani. Istilahi bado zinatupa taabu, kila mhadhiri na neno lake, na mwanafunzi anabaki katikati. Kubwa zaidi ni kwamba sebule yenyewe imetawanyika. Nyumba moja, watu watano, simu tano, kila mmoja na visikizi masikioni na kila mmoja ameletewa kitu tofauti na mtambo unaochagua kwa niaba yake. Tutakaa kiti kipi cha pembeni? Na vipindi navyo vinaondolewa kwenye majukwaa ya mtandaoni kimyakimya mkataba ukiisha. Hata lebo ya kukwangua hakuna.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tuna maombi matatu, mawili ni mepesi.

La kwanza, uje walau mara mbili kwa mwaka kukaa nasi Alhamisi. La pili, utusaidie kumaliza orodha ya istilahi uliyoianza, maana imeishia herufi M.

La tatu ndilo lililotugombanisha siku tatu. Tunaomba madaftari yako yaje maktaba ya chuo. Tunajua yana majina na siri za watu waliokufungulia milango yao, na tunajua uliwaahidi. Tumezungumza na mkutubi: unaweza kuyawekea masharti, yafungwe miaka ishirini, majina yafunikwe, asomaye aombe kibali. Na kama utaona ahadi yako haikuruhusu, tutakuelewa. Tunachoomba tu ni kwamba uamuzi huo uwe wako. Tumesikia unahamia nyumba yenye nafasi ndogo zaidi, na madaftari yako kwenye maboksi karibu na mlango. Tunaogopa mlango, Profesa. Tunaogopa mtu mwema anayesaidia kuhama akauliza, “Na haya nayo?”, wewe ukiwa chumba kingine.

Baada ya chakula tutatazama kipande kimoja cha tamthilia, dakika arobaini na tano. Kiti chako tumekiweka pembeni kama unavyopenda, na juu yake kuna daftari jipya na kalamu mbili. Rimoti tumeificha ili tusigombane.

Tunaomba kuwasilisha.