Barua ya wazi kwa Papa Guverneri wa Haut-Katanga: historia ya Luano isitupotee

Papa Guverneri, jambo sana.

Nakuandikia juu ya aeropori yetu ya Luano, hapa Lubumbashi. Si juu ya valizi kuchelewa wala bei ya tiketi, hiyo bengine banaisema kila siku. Mimi nalomba kitu kimoja: pale Luano kuwe fasi, hata chumba kidogo tu, ya kueleza mutu namna ndeke zilifika mu Katanga na mambo gani ilipita pale.

Batoto betu banafikiri ndeke ni mambo ya Ulaya, sisi tulipanda tu. Lakini mwaka 1916, vita ya kwanza ya dunia, ndeke za maji za Babeleji zilikuwa zinaruka ku Ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie, zinaenda kutupa mabomu Kigoma kwa Badachi. Rubani mumoja, Aimé Behaeghe, alikufa Niemba mwaka ule ule. Ile yote ni Katanga ya zamani, Papa, ni kwetu. Kisha 1925 Edmond Thieffry akatoka Brussels na ndeke ya injini tatu, Handley Page, akafika Léopoldville (Kinshasa ya leo) kisha siku 51, na mu zile siku 51 saa za kuruka kabisa zilikuwa kama 75 tu, ingine yote ni kungoja na kutengeneza. Miaka ine nyuma, 1929, akaanguka karibu na Ziwa Tanganyika, akafia kule.

Na mu ile miaka ya 1920 Sabena, kampani ya ndeke ya Babeleji, ikaleta njia ya ndeke mupaka hapa Élisabethville (Lubumbashi ya leo), kupitia Luebo. Uone ile ilikuwa na maana gani: mbele ya reli kufika Ilebo mwaka 1928, mutu wa hapa akitaka kwenda Léopoldville bila kutoka mu inchi alipanda treni mupaka Bukama, akashuka mu mashua, akapanda treni tena, mashua tena, treni ya Kisangani, halafu mashua kubwa ya muto Kongo, majuma na majuma, barua ya mutu inafika habari yenyewe imekwisha kuzeeka.

Lakini mu hii historia yote majina tunayoyasikia ni ya marubani. Nani alifyeka majani ya pisti? Nani alibeba mapipa ya esanse ku mabega? Babu yangu alifanya kazi ya kupakia mizigo ku ndeke, tuko na foto yake ku nyumba, amesimama chini ya bawa na benzake, kaputula, miguu peku, mumoja ameshika kamba ya kufungia gurudumu, na nyuma ya foto hakuna jina hata moja. Foto kama hii ziko mingi mu komine zetu za Lubumbashi, mu Kenya, mu Katuba, mu Kamalondo, mu makarito chini ya vitanda, panya zinakula.

Sasa kuna ile ya nguvu zaidi, na sitaizunguka. Tarehe 17 Januari 1961, ndeke DC-4 ya Air Congo ilitua Luano ikitoka Moanda, ndani yake Patrice Lumumba na benzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, bamefungwa, bamepigwa njia yote. Usiku ule ule bakauawa. Mwaka 2022 jino la Lumumba lilirudi kutoka Ubeleji, likapitishwa mupaka Shilatembo, tukalia wote. Shilatembo njo bamefia, ni haki ikumbukwe. Lakini mguu wao wa mwisho kushuka ku ndeke ulikanyaga Luano. Najua hii mambo bado inauma mu Katanga, kuna familia za pande zote, lakini kunyamaza hakujaponyesha mutu, na mimi naona ukweli uandikwe vile ulivyokuwa, kwa Kiswahili kwanza, kwa ajili ya abiria wa hapa.

Aeropori ni ya RVA, shirika ya serikali ya kuangalia aeropori, nafahamu, hauwezi kuamua peke yako. Ila barua yako kwao itasikiwa kupita yetu. Walimu ba historia ba Unilu, univerisiti ya Lubumbashi, bako, benye kuzeekea kazi pale Luano bado bako bamoja bamoja, baitwe baseme mbele hawajaenda. Na kama siku moja bajenzi banakuja kubomoa majengo ya zamani, bapige foto kwanza, mlango kwa mlango.

Foto ya babu nitaileta mimi mwenyewe, unitumie tu siku na ofisi ya kuipeleka.

Mwana wa Katuba