Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Utafiti wa Kuchapa Kuta za Nyumba

Wanachama wenzangu,

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina wetu, na kumbukumbu za mikutano zimo kwenye karatasi mlizopewa mlangoni, kwa hiyo sitazirudia. Muda wangu nitautumia kwenye kazi iliyotuchukua mwaka mzima: utafiti wa kuchapa kuta za nyumba kwa mashine, tabaka juu ya tabaka, bila tofali na bila mbao za kufungia zege.

Niseme mapema msimamo wangu, ili mwenye kunipinga ajiandae kabla ya wakati wa maswali. Mashine inanunuliwa. Mwenye fedha akitaka printa leo ataagiza, itapanda meli, itashuka Kilindini. Lakini wino wake, yaani lile zege laini linalopita ndani ya bomba na kusimama lenyewe likishatoka, ukiagizwa hivyohivyo hautatufaa. Inabidi uundwe kwa saruji inayouzwa hapa, kwa mchanga wetu na kwa jua letu. Nilikuwa na imani hiyo tangu mliponichagua, na majaribio ya mwaka huu yameizidisha.

Mwezi wa Machi tulikwenda Kilifi kuziona nyumba za Mvule Gardens. Mradi ule ni wa 14Trees, kampuni ya ubia kati ya Holcim, kampuni ya saruji ya Uswisi, na British International Investment, taasisi ya uwekezaji ya serikali ya Uingereza. Ulipangwa kuwa na nyumba 52, na kuta zake huchapwa kwa printa ya BOD2 ya kampuni ya COBOD ya Denmark. Nilipitisha kiganja kwenye ukuta wa nje. Kila tabaka limelala juu ya mwenziwe kama ukili wa mkeka, na ukikaza macho unaona mahali bomba lilipopunguza mwendo kwenye kona, tabaka likanenepa kidogo. Vijana wetu walikaa kwenye kona moja karibu robo saa. Nilifurahi, maana kona ndiyo inayosema kweli ya ukuta.

14Trees haohao ndio waliochapa kuta za skuli kule Salima, Malawi, mwaka 2021, kwa saa 18. Wengi wakisikia saa 18 hudhani ni toka kiwanja kitupu mpaka watoto kuingia darasani. Ni kuta peke yake. Msingi, paa, milango, nyaya za umeme na rangi vimebaki kwa mafundi na kwa mwendo wao wa siku zote. Naomba tuwe waangalifu tunapolieleza hili kwa wananchi. Mtu aliyeahidiwa nyumba ya siku moja hatatusikiliza tena akishaiona inachukua miezi.

Jambo lenyewe si geni duniani. Behrokh Khoshnevis wa Chuo Kikuu cha Southern California alilianza miaka ya 1990, akaliita Contour Crafting. Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, kikalishika baadaye. Watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, walishiriki kuchapa daraja la baiskeli la Gemert mwaka 2017, na mwaka 2021 wapangaji wakaingia kwenye nyumba ya kwanza ya mradi wao. Ujerumani, vyuo vikuu vya ufundi vya Braunschweig na Munich vina mpango mmoja mkubwa wa pamoja tangu 2020. Uswisi, katika kijiji cha Mulegns, mnara wa Tor Alva wenye urefu wa mita 30 hivi umefunguliwa mwaka huu, kazi ya chuo kikuu cha ETH Zurich. Nawataja kwa sababu wote hao, kwa fedha zote walizo nazo, wamegongana na maswali yaleyale tuliyogongana nayo sisi uani kwetu: zege litasimamaje, tabaka litashikanaje na tabaka, na chuma kitaingiaje.

Chukueni ukuta wa mita 3. Zege la aina hii lina uzito wa kilo 2,100 hivi kwa mita ya ujazo. Tabaka la chini kabisa, basi, linabebeshwa tani 6 na ushei kwa kila mita ya mraba, na limetoka kwenye bomba siku hiyohiyo. Zege la kawaida lingeshikiliwa na mbao mpaka likomae. Hili halina wa kulishika. Ndani ya pampu linatakiwa liwe laini kama uji mzito, na muda mfupi baadaye liwe limeshupaa kiasi cha kumbeba mwenziwe. Likiwahi kushupaa linaziba bomba. Likichelewa, ukuta unalala.

Sasa nije kwenye siku ambayo kwangu ndiyo iliyobeba mwaka huu. Ilikuwa Februari, kaskazi ikivuma. Tulichapa ukuta wetu mdogo wa majaribio saa saba mchana, kwa pampu ya kukodi na nozeli, yaani mdomo wa bomba, tuliyochongesha kwa fundi wa vyuma. Matabaka kumi ya mwanzo yalipanda vizuri, vijana wakaanza kupiga picha. Pampu ikakwama. Aliyetukodisha alikuwa ametuapia kwamba imefanyiwa sevisi; tulipoifungua tukakuta mpira wa ndani umelika. Ikatupotea nusu saa nzima. Tulipoirudisha kazini, tabaka la kumi lilikuwa limeshabadilika rangi, kutoka kijivu cha tope kwenda kijivu cha majivu. Fundi mmoja mkongwe, aliyekuwa nasi tangu chama kinaanzishwa, aliinama akaligusa kwa ncha ya kidole.

“Bi Mwenyekiti,” akaniambia, “huyu uso umeshakauka. Hawatashikana.”

Kijana wa maabara akamuuliza, “Mzee, umejuaje?” Akamshika mkono, akamgusisha kidole chake palepale, kisha kwenye tabaka bichi. Hakuongeza neno.

Tuliendelea kuchapa juu yake, maana tulitaka kujua. Baada ya siku 28 tulikata vipande tukavikalisha kwenye mashine ya kupinda. Vilivyopitiwa na ule mshono vilikatika upesi, kwa mlio mdogo mkavu, na pale vilipokatikia palikuwa laini, pana vumbi jeupe, kama mbao mbili zilizobanduka gundi. Vipande vya ukuta tuliouchapa alfajiri ya siku ya pili, kwa vipimo vilevile vya saruji, mchanga na maji, vilikataa kuachana kwenye mshono. Ufa ulipinda ukaingia ndani ya zege lenyewe. Namba sitazitaja leo. Vipande vilikuwa vichache, na kamati ya ufundi imesema hazitoki mpaka jaribio lirudiwe. Naiunga mkono kamati, hata kama najua baadhi yenu mmekuja kuzisikia.

Sababu yenyewe inaeleweka. Ukuta usio na mbao umeachwa wazi pande zote, na upepo unanyonya maji ya juu ya tabaka kabla mwenziwe hajafika. Mwezi wa Juni, wakati wa kusi, tulichapa tena saa zilezile za mchana tukiwa tumetundika magunia yaliyolowa maji upande wa upepo, na mkatiko wa mshono ulifanana zaidi na ule wa alfajiri. Magunia, wanachama. Vifaa hivyo tunavyo kila mtaa. Kinachobaki ni kupima kwa utaratibu: joto, upepo, muda kati ya tabaka na tabaka, na nguvu ya mshono kwa kila hali.

Kupima huko kufuate njia inayotambulika kwingine. Kamati ya RILEM, jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa vifaa vya ujenzi, iitwayo 304-ADC imeendesha jaribio la pamoja la maabara za nchi nyingi kuhusu nguvu za zege lililochapwa, ambapo vipande huvunjwa kwa pande tofauti, kwa sababu zege hili halina nguvu sawa kila upande. Tangu 2023 kipo pia kiwango cha ISO/ASTM 52939 juu ya kuthibitisha ubora wa ujenzi wa aina hii. Sisi wahandisi tumelelewa na kyubu: unajaza zege kwenye kikasha cha chuma, unalipima nguvu, unaandika cheti. Kyubu haina mshono. Mkaguzi wa kaunti akiletewa cheti cha kyubu peke yake kwa ukuta uliochapwa, ameletewa habari ya kitu kingine.

Kuhusu chuma nitapita haraka. Njia inayotumika sana ni kuchapa ukuta wenye uwazi katikati, kusimamisha nondo humo na kumwaga zege la kawaida. Inafanya kazi, na kwa nyumba ya ghorofa moja sioni haja ya kutafuta makuu.

Saruji inanihangaisha zaidi. Mfuko wa daraja la nguvu la 32.5 unaouzwa madukani kwetu mara nyingi umechanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano. Ni mzuri kwa plasta na kwa kujengea, ila nguvu zake huja polepole, na kuchapa kunataka nguvu mapema. Kuna dawa za zege za kuharakisha. Za kwetu tuliziagiza kutoka nje, zikakaa bandarini hadi wiki za majaribio zikapita. Wenzetu wa Oman walifanya jambo la kututia moyo: mwaka 2021 Chuo Kikuu cha GUtech kilichapa jengo lake kwa zege ambalo zaidi ya asilimia 99 ya vitu vyake vilipatikana hukohuko Oman, kikatoka nje kiongezi kidogo tu. Joto lao tunalijua, wengi wetu tuna ndugu kule.

Yapo pia madai kwamba kuchapa ni rafiki wa mazingira. Naomba tusiyatie sahihi bila hesabu. Wino mwingi hauna kokoto, na pasipo kokoto saruji hupanda. Michanganyiko mingi inapita kilo 500 za saruji kwa mita ya ujazo, wakati zege la kawaida la nyumba liko chini sana ya hapo. Ukuta wenye uwazi unaokoa zege, ni kweli, lakini lazima tuone kilichookolewa kinazidi kilichoongezwa.

Kwa hiyo nimeiomba kamati ihamie kwenye LC3, saruji ambayo klinka yake, yaani yale mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji, ni nusu tu, na iliyobaki ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa, mawe ya chokaa na jasi kidogo. Klinka huchomwa kwa digrii 1,450 hivi. Udongo huo huiva kati ya 700 na 850. Hewa ya kaboni hupungua kwa karibu asilimia 40. Na kwetu vitu hivyo si vya kutafutwa mbali. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mawe ya chokaa ya matumbawe. Haller Park mnayopeleka watoto kutazama twiga ni timbo la zamani la mawe hayo. Tanzania wana kaolini ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Wazee waliojenga Gede walichoma matumbawe wakapata chokaa, na kuta zao tunazigusa mpaka leo.

Mwanachama wetu wa Kwale ameleta pendekezo la kuchapa kwa udongo, akitoa mfano wa TECLA, nyumba iliyochapwa Massa Lombarda, Italia, mwaka 2021, kwa mita za ujazo 60 za udongo na saa 200 za kazi. Nimelipenda. Nimemwambia alete kwanza mpango wa kuilinda na mvua ya masika, paa lenye upenu mrefu na msingi wa mawe, kama walivyofanya babu zetu kwenye nyumba za udongo na fito.

Limenigusa neno la mwashi mmoja aliyepita tukichapa. Alitazama muda mrefu, akauliza: “Na sisi je?” Sikumjibu vizuri siku ile, na limenikaa moyoni. Jibu langu la leo ni kwamba aliyejua tabaka limekauka kwa ncha ya kidole alikuwa fundi, na hakuna kipima-unyevu chetu kilichomtangulia. Naomba mkutano huu uridhie kuwa kila jaribio la mwaka ujao liwe na mafundi wawili wanaolipwa posho sawa na ya vijana wa maabara, na majina yao yaingie kwenye ripoti pamoja na ya wengine wote.

Kazi za mwaka ujao ni hizi. Jaribio la mshono litarudiwa kaskazi na kusi, kwa vipande vya kutosha safari hii. Pampu tutanunua ya kwetu, hata ikiwa ndogo. Mweka hazina atawaeleza fedha zitatoka wapi, na nawasihi muipitishe hoja yake. Mchanganyiko wa LC3 utaanza kwa kiasi kidogo, kwa karai na mwiko, kabla ya kugusa bomba.

Kwa ajili ya hilo la mwisho nina ombi kwa kila mmoja wenu. Anayeishi karibu na machimbo ya udongo wa mfinyanzi, au panapofinyangwa vyungu, alete mfuko mmoja wa udongo huo mkavu, ameandika jina la mahali na kina alichochimba. Mifuko itapokelewa kwa katibu kuanzia Jumatatu.

Mwenyekiti