Mwanangu, usimwache mgonjwa peke yake chini ya shuka

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako nimeiona usiku, kwamba umepangwa thieta kwenye kambi ya macho hapo Lamu na kazi yako itakuwa kukaa kichwani kwa mgonjwa, na naona umevunjika moyo kidogo, ulitaka kushika vyombo. Sikiza mama, mimi nimekaa hapo kichwani miaka mingi huku Malindi na hiyo kazi ni kubwa, wallahi.

Wazee wetu wakisikia mtoto wa jicho anatolewa kwa ganzi tu, bila nusu kaputi, wanaingiwa na hofu, wako waliokaa na giza miaka kwa sababu hiyo hiyo. Sa wewe mwambie mapema kabla hajaingia, taratibu, na mtu wa Faza au Siyu, kule kisiwa cha Pate, usimsemeze kama unasoma fomu. Mwambie sindano itachoma kidogo kisha jicho litakuwa zito, maumivu yataondoka ila utahisi mtu anagusagusa, maji yatakutiririka, utaona mataa na rangi. Kupepesa asihofu, kuna kichuma kinashikilia kope. Mtu aliyeambiwa hashtuki, na asiyeshtuka hainui kichwa wakati daktari ana kisu ndani ya jicho. Na wamama waambie nywele zitafunikwa kwa kofia ya thieta, utaona mtu anavyotulia hapo hapo.

Aende choo kwanza. Muwekee mto chini ya magoti, na kama ana kikohozi au hawezi kulala chali sema mapema, usingoje ashafunikwa. Presha na sukari zipimwe, jina aulizwe alitaje mwenyewe, jicho linalopasuliwa litiwe alama ya kalamu juu ya nyusi. Wewe mwenyewe uione hiyo alama.

Ganzi yenyewe ni jambo la zamani, mwaka 1884 daktari kijana wa Vienna, Karl Koller, ndiye alionyesha kwamba matone ya kokeini yanalitia jicho ganzi, kabla ya hapo mara nyingi mtu alikuwa anashikwa kwa nguvu tu anapasuliwa. Siku hizi kokeini imeachwa tunatumia kina lignokeini, kwa matone, au sindano pembeni ya jicho, au kijibomba butu kinachopitishwa chini ya utando unaofunika weupe wa jicho. Hiyo sindano kali ndiyo inataka macho yako yote. Inaweza kutoboa jicho au kuleta damu nyuma yake, na mara chache sana dawa inafuata mshipa wa fahamu mpaka kwenye ubongo, mgonjwa anaweza kuacha kupumua ndani ya dakika chache tu. Kwa hivyo ikishadungwa usiondoke, muulize watoto wangapi, anavua wapi, mradi ajibu, na ile mashine ya kidoleni inayopima oksijeni na mapigo iwe inasomeka. Ukisikia maneno yanamgongana au kanyamaza ghafla piga kelele daktari asimame. Pia daktari akivuta misuli ya jicho moyo unaweza kupunguza mwendo, ukiona mapigo yanashuka mwambie aachilie, mara nyingi yanarudi yenyewe.

Chini ya lile shuka linalomfunika uso, mwanangu, ndiko kwenye kazi. Joto, giza, pumzi yake mwenyewe inamrudia. Inua shuka kidogo lisiguse mdomo, pitisha paipu ya oksijeni, ila daktari akitaka kuchoma mishipa ya damu kwa moto hiyo oksijeni ifungwe kwanza, inaweza kuwasha moto usoni kwa mtu. Kisha mshike mkono. Nilikuwa na mzee mmoja mvuvi wa Shela, mkono mgumu kama kamba ya nanga, nilimwambia ukitaka kukohoa nifinye mara mbili. Katikati akanifinya, nikasema "daktari, simama", vyombo vikatolewa, mzee akakohoa mpaka akaridhika, wakaendelea. Angekohoa bila kusema sijui lile jicho lingekuwaje.

Wako wanaotaka mgonjwa achomwe dawa ya usingizi nyingi ndio atulie. Mimi sikubaliani nayo, maana anasinzia, anakoroma, halafu anazinduka hajui yuko wapi anatupa kichwa. Kidogo sawa kwa anayetetemeka, lakini mkono na sauti kwanza. Na mchunge maneno, anasikia kila kitu, mtu akisema "lo!" pale mezani moyo wa mgonjwa unaruka.

Wakitoka wape ngao ya jicho, wasisugue, wasiinamie, swala waswali wamekaa kwenye kiti siku za mwanzo. Wa visiwani wasipandishwe boti siku hiyo hiyo, walale mjini waonwe kesho yake, na jicho likiuma sana au likififia warudi mbio wasingoje matone ya dawa waliyopewa yaishe.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi mfuko wako, ataushusha Mokowe. Ndani mna mahamri na blanketi mbili nyepesi, hizo ni za wagonjwa, thieta ina baridi na mtu akitetemeka jicho nalo linacheza. Zifuliwe kwanza. Nipigie ukizipata.

Mamako