Kelele za Cane Ridge: barua ya wazi kwa mwanangu aliyeko Kentucky

Mwanangu,

Ni mimi shangazi yako. Mama yako hana raha. Yeye, wifi yangu, amesikia umeacha kusali na Wapresbiteri wa huko Lexington, na kwamba siku hizi uko na Wakongomani wanaokesha wakiimba mpaka watu wanaanguka sakafuni. Anasema hayo si yetu, sisi ni watu wa utaratibu, wa wazee wa kanisa na kumbukumbu za vikao. Nawe nasikia ulimjibu kwamba kanisa letu limepoa kama uji wa jana. Nawajibu nyote wawili hapa hadharani, maana najua si nyumba yetu peke yake yenye ugomvi huu.

Jumamosi moja ukiwa na nafasi, nenda Cane Ridge, kwenye nyumba ya ibada ya zamani ya Wapresbiteri. Haifiki saa nzima kwa gari: unapita mji wa Paris, ule wa huko huko Kentucky, unashika njia ya mashariki. Utaona jengo la mawe, na ndani yake jengo lingine, la magogo. La mawe ni la juzi tu, walilijenga miaka ya 1950 ili kulikinga la ndani na mvua. La magogo ni la mwaka 1791.

Waliolijenga walikuwa walowezi Wapresbiteri, wengi wao wametoka North Carolina, wakiongozwa na mchungaji Robert Finley. Kentucky ilikuwa bado haijawa jimbo. Na ukisikia mtu anakwambia ilikuwa nyika tupu, usikubali: palikuwa mahali pa kuwinda pa Washawnee na Wacherokee, makabila ya wenyeji wa Marekani, na vita vya kuwania nchi ile vilikuwa vinaendelea wakati magogo hayo yanapandishwa. Finley mwenyewe hakudumu. Miaka michache tu, presbiteri, yaani baraza la wachungaji na wazee wa eneo, ikamfungulia shtaka la ulevi. Mwambie mama yako kumbukumbu za vikao zilikuwa na kazi tangu siku za mwanzo.

Baada yake akaja kijana Barton Stone, akawekewa mikono mwaka 1798. Siku hiyo presbiteri ilimuuliza kama anaupokea Ukiri wa Westminster, tamko la imani la Wapresbiteri. Akajibu kwamba anaupokea kwa kadiri anavyoona unapatana na Neno la Mungu. Wazee wakaridhika, wakaendelea na ibada. Mimi ningekuwa pale ningeomba afafanue.

Sasa njoo Agosti 1801. Watu huusimulia mkutano mkubwa wa uamsho wa Cane Ridge kana kwamba ulidondoka kutoka mbinguni, kumbe ulikuwa sakramenti ya kawaida ya Kipresbiteri, desturi iliyotoka Scotland na kaskazini ya Ireland. Watu wa sharika za jirani walikusanyika siku kadhaa: mahubiri ya maandalizi kwanza, Jumapili Meza ya Bwana, Jumatatu shukrani. Hukuketi mezani hivi hivi. Wazee walikupima kwanza, ukifaa wakakupa kipande kidogo cha madini ya risasi, nawe ukakitoa ukifika mezani. Utaratibu huo huo anaoupenda mama yako ndio uliowaita watu.

Tofauti ni kwamba safari hii walikuja wengi kupita kiasi. Stone alikuwa amekwenda kusini-magharibi ya jimbo, kaunti ya Logan, akaona moto wa uamsho uliowashwa na mahubiri ya James McGready, akarudi akasimulia. Makadirio ya waliofika Cane Ridge ni kati ya 10,000 na 25,000, wakati Lexington, mji mkubwa kuliko yote Kentucky, haukufikisha watu 1,800. Hata ukikata makadirio hayo nusu, bado ni ajabu. Walikuja na magari ya farasi, wakalala humo humo, wakakaa karibu wiki. Nyumba ya magogo ikazidiwa siku ile ile ya kwanza. Wamethodisti na Wabaptisti wakahubiri pamoja na Wapresbiteri, huyu jukwaani, yule juu ya mti ulioanguka, kwa wakati mmoja. Watu wakaanguka kama waliokufa, wengine wakatikisika, wengine wakacheka. Waliofika mezani walikuwa mamia, na wale maelfu wengine walikuja kutazama, kulia, na wengine, tusidanganyane, kunywa pombe.

Kando kidogo, mhubiri mweusi aliwahubiria watu weusi. Ndani ya nyumba ya magogo wao walikuwa na roshani yao, na walipanda kwa ngazi iliyoegeshwa nje. Stone baadaye aliwaacha huru watumwa wake, na hilo namhesabia. Lakini roshani hiyo ilijengwa na watu waliokuja kusali.

Kisha sinodi, baraza lililo juu ya presbiteri, ikauliza maswali, hasa juu ya mafundisho ya wahubiri wa uamsho. Mwaka 1803 wachungaji watano, Stone akiwamo, wakajitoa, wakaunda Presbiteri ya Springfield. Haikumaliza mwaka: tarehe 28 Juni 1804, pale pale Cane Ridge, wakaiandikia wasia, kwamba inakufa ili wao wabaki Wakristo tu, bila jina lingine. Stone akaliambia kanisa lisimlipe tena mshahara, akashika jembe. Usharika wa Kipresbiteri ukaishia hapo, na kutoka humo likakua tawi zima la makanisa mengine.

Wale watano je? Wawili, McNemar na Dunlavy, waliingia kwa Washeka (Shakers), kundi la Kikristo la watu waliokataza ndoa na kumiliki mali binafsi. Wawili, Marshall na Thompson, walirudi kwa Wapresbiteri mwaka 1811. Stone peke yake ndiye aliyebaki alipokuwa.

Kwa hiyo wifi, usiseme tena kuanguka si kwetu. Na wewe mwanangu, naomba jibu kwa jambo moja kabla sijamtuliza mama yako: huko unakosali, mchungaji akikosea, nani ana mamlaka ya kumwita kikaoni kama alivyoitwa Finley, na kama sinodi ilivyowahoji wahubiri wa uamsho?

Ukienda Cane Ridge, nitumie picha ya roshani.

Shangazi yako