Waliomezwa na ziwa nao watafufuka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niseme neno juu ya mahubiri yanayotolewa misibani hapa Kigoma, hasa katika vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika. Nimekuwa katekista wa kigango kwa miaka mingi, nimeongoza ibada za mazishi pale ambapo padre hakuweza kufika, na kosa ninalolieleza hapa nimelifanya hata mimi.

Tumezoea kuwaambia wafiwa kwamba mwili ni ganda tu, ni nguo kuukuu iliyovuliwa, na kwamba roho ya marehemu imekwisha kufika kwa Bwana, basi yamekwisha. Nia yetu ni kuwafariji. Lakini hiyo ni nusu tu ya imani ya Kikristo, na wapo wafiwa ambao nusu hiyo inawaacha wakiwa na majonzi zaidi kuliko mwanzo.

Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Alitoka jioni moja na wenzake, katika zile siku za giza ambazo wavuvi wa taa huzitegemea, na usiku upepo ukaupindua mtumbwi wao. Wawili waliokolewa, yeye hakuonekana. Tulitafuta siku tano, tukipita ufukweni mwalo kwa mwalo na kuwauliza wote waliotoka majini, na siku ya sita tukaketi matanga bila jeneza na bila kaburi. Mahali ambapo jeneza lingewekwa, mama alitandika mkeka, akaweka juu yake shati la mdogo wangu la Jumapili, limekunjwa vizuri, vifungo vyote vimefungwa. Mhubiri aliyekuja siku hiyo alituambia tusisumbuke juu ya mwili uliopotea, kwa maana mwili si kitu. Mama alinyamaza mpaka watu walipotawanyika, kisha akaniita kando. “Mwanangu, wewe ndiye unayewafundisha watoto Kanuni ya Imani. Kama mwili si kitu, mbona tunasali tukisema ufufuko wa miili? Na huyu mdogo wako ambaye hana hata kaburi, atafufuliwa kutoka wapi?”

Siku ile sikuwa na jibu, na kwa muda mrefu niliona aibu kwamba mama asiyejua kusoma alikuwa ameisikiliza Kanuni ya Imani kwa makini kuliko mimi niliyeifundisha.

Kanuni hiyo haisemi kwamba tunasadiki roho haifi. Inasema tunasadiki “ufufuko wa miili, uzima wa milele.” Ile ndefu tunayoisali katika Misa, iliyotokana na mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, ya Nikea ya mwaka 325 na Konstantinopoli ya mwaka 381, inasema kwamba tunangojea ufufuko wa wafu. Wazo kwamba mwili ni kifungo cha roho, na kwamba kufa ni kufunguliwa tu, lilikuwapo kwa Wayunani tangu wakati wa mwanafalsafa Plato, karne nne kabla ya Kristo, na ndiyo maana Mtume Paulo alipohubiri Athene, kama tunavyosoma katika Matendo sura ya 17, baadhi ya wasikilizaji walimdhihaki. Angewaambia kwamba roho huendelea kuishi baada ya kifo, wengi wasingeshangaa. Kilichowachekesha ni habari ya wafu kuinuka. Inaniuma kuona kwamba lile ambalo Paulo alikubali kuchekwa kwa ajili yake, sisi tunaliruka kana kwamba linatutia haya.

Tumtazame Bwana mwenyewe baada ya kufufuka. Katika Injili ya Luka, sura ya 24, wanafunzi wanadhani wanaona roho, naye anawaonyesha mikono na miguu yake, anawaambia wamshike, kisha anauliza kama wana chakula, nao wanampa kipande cha samaki wa kuokwa, anakila mbele yao. Katika Yohana 21 yuko ufukweni alfajiri, amewasha moto wa makaa, samaki wako juu yake, na wavuvi waliokesha bila kupata kitu wanaitwa waje wale. Anayeshuka mwalo wa Kibirizi asubuhi na mapema, wakati mitumbwi inaingia na moshi umetanda juu ya mchanga, hahitaji kufafanuliwa sana sura hiyo. Aliyefufuka ana mikono inayopanga makaa, na mikono hiyo bado ina alama za misumari.

Sisemi kwamba ufufuko ni kurudishiwa maisha haya haya. Lazaro alirudi, na baadaye akafa tena. Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, anatumia mfano wa mbegu: “Uipandayo haihuiki, isipokufa.” Mkulima wa michikichi anaelewa mfano huo haraka. Kokwa ya chikichi ni ngumu kama kijiwe, huweza kukaa ardhini miezi bila dalili ya uhai, na wanaozalisha miche bora huzipasha mbegu joto la nyuzi karibu 40 kwa majuma mengi kabla hazijakubali kuota. Anayeishika mkononi haoni shina, wala makuti, wala mawese. Hata hivyo, mti utakaosimama pale ni wa kokwa ile ile iliyofukiwa. Ndivyo Paulo anavyosema juu ya mwili: hupandwa katika udhaifu, hufufuliwa katika nguvu.

Na asiye na kaburi je? Swali la mama si jipya. Mwaka 177, katika mji wa Lyon huko Ufaransa ya leo, watesi waliwaua Wakristo, wakaichoma miili yao na kuyatupa majivu katika mto Rhône. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa, ametuhifadhia barua ya waumini wa huko, nayo inaeleza kwamba watesi walifanya hivyo ili kuwaondolea mashahidi hata tumaini la kufufuka. Hawakufaulu, kwa sababu tumaini lile halikuwa limewekwa katika mifupa. Karibu na kwetu, Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda, waliteketezwa kwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na hakuna Mkristo anayekwenda kuhiji huko akiwa na shaka kama Mungu atawapata. Monika, mama yake Mtakatifu Augustino, alipokuwa akifa Ostia, karibu na Roma, mwaka 387, mbali na Afrika alikozaliwa, aliulizwa kama haogopi kuuacha mwili wake ugenini, akajibu kwamba kwa Mungu hakuna palipo mbali, na kwamba haogopi kuwa siku ya mwisho Mungu hatajua pa kumfufulia.

Andiko lenyewe liko katika Ufunuo 20:13: “Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake.” Nilipompelekea mama andiko hilo, aliniambia nimsomee tena, na tena mara ya tatu, huku shati lile likiwa mapajani mwake.

Najua Wakristo hatufundishi sawasawa juu ya hali ya wafu kabla ya siku hiyo. Sisi Wakatoliki tunafundisha, kama Papa Benedikto wa 12 alivyotamka mwaka 1336, kwamba roho za wenye haki waliotakaswa humwona Mungu hata kabla ya ufufuko, nasi huwaombea marehemu. Waadventista hufundisha kwamba wafu wamelala. Tofauti hiyo si ndogo, lakini wote tunakiri kwamba Kristo atawafufua wafu, na ndugu zetu Waislamu wa Ujiji wanaokuja kutupa pole nao wanaitaja siku ya kiyama bila kusitasita. Sioni kwa nini sisi tuitaje kwa sauti ya chini kuliko wao.

Tena matendo yetu yanatusuta. Tunauosha mwili wa marehemu, tunauvika, padre anaunyunyizia maji ya baraka na kuufukizia ubani, kwa sababu mwili huo ulibatizwa na ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu. Nani anafukizia ubani ganda?

Kwa hiyo ninawaomba wachungaji, mapadre na makatekista wenzangu wa ukanda wa ziwa mambo mawili. Kwanza, semina zetu zipange muda wa kutosha kuisoma Wakorintho wa Kwanza sura ya 15 yote, si mistari miwili ya kumalizia mahubiri. Pili, katika kila msiba wa mtu aliyepotelea ziwani, andiko lile la Ufunuo lisomwe kwa sauti, na marehemu atajwe kwa jina lake lote, mbele ya mama yake.

Wako katika Kristo,
Katekista wa kigango,
Kigoma